Maswali ya Wasomaji: Joka-mkoko, Maji Chumvi na Bamvua

Katika toleo lililopita tulichapisha wasifu wa joka-mkoko, mnyama wa kubuni ambaye mwandishi au mchoraji yeyote anaruhusiwa kumtumia apendavyo. Kwa aliyelikosa toleo hilo: ni joka wa majini mwenye urefu wa mita 5, miguu minne mifupi yenye utando, mkia bapa kama kasia na magamba mgongoni. Hana matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia majini. Anavuta hewa kwa mapafu na anatoa chumvi kwa tezi zilizo nyuma ya macho. Makazi yake ni mikoko ya pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Mbweni na Kunduchi hadi vijito vya Kigamboni. Barua zimekuja nyingi. Hapa tunajibu zile zilizogusa mambo yanayoweza kuivunja hadithi nzima yasipowekwa sawa.

SWALI: Mita 5 ni mamba tu aliyepewa jina zuri. Wangu nimempa mita 40, na anajificha kwenye mdomo wa Mto Msimbazi pale karibu na Daraja la Salender. Kuna ubaya gani?
Mwandishi chipukizi, Mbagala

JIBU: Ubaya uko kwenye uzito, na uzito unaweza kuupata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mnyama anayeishi majini ana karibu kilo moja kwa kila lita ya mwili wake, kwa hiyo ukijua ujazo umeshajua kilo. Mgawe joka vipande. Kichwa na shingo, mita 1 kwa kipenyo cha sentimita 20, ni lita 31. Kiwiliwili, mita 1.5 kwa kipenyo cha sentimita 40, ni lita 188. Mkia, mita 2.5 unaochongoka kutoka sentimita 30, uhesabu kama pia: lita 59. Jumla ni kama kilo 280, na miguu mifupi haibadilishi mengi.

Sasa mrefushe hadi mita 40 bila kubadilisha umbo. Urefu umezidi mara 8, lakini upana na kimo navyo vimezidi mara 8, hivyo ujazo umezidi mara 512. Kilo 280 zimekuwa tani 143. Huyo ni nyangumi wa buluu, na kiwiliwili chake kina kipenyo cha mita 3.2. Maji ya bamvua, yaani ya siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa, mdomo wa Msimbazi hubaki tope tupu na vijito vyembamba katikati. Joka wako atakuwa amelala wazi mchana kweupe, na hatakuwa salama: nyangumi akikwama nchi kavu, mapafu yake hugandamizwa na uzito wa mwili wake mwenyewe.

Ukitaka mkubwa, jaribu mita 10. Atakuwa na tani 2.2 na kipenyo cha sentimita 80, anaweza kulala kwenye mkondo wenye kina na bado akamtisha msomaji. Wa mita 40 mtoe nje kabisa, ng'ambo ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, kwenye maji ya kina. Usimrudishe mikokoni.

SWALI: Nawafundisha wanafunzi biolojia kwa kutumia joka wenu. Wameniuliza mambo mawili. Kwa nini mnyama wa majini mmemnyima matamvua? Na hizo tezi za chumvi zina kazi gani hasa?
Mwalimu wa sekondari, Kigamboni

JIBU: Mwalimu, tunashukuru. Maswali hayo ndiyo uti wa mgongo wa joka huyu.

Tuanze na hewa. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30 ina kama miligramu 6 tu, na maji yakizidi joto hupungua zaidi. Kwenye mikoko hali ni ngumu kuliko baharini, maana tope limejaa majani yanayooza na uozo huo unakula oksijeni, hasa usiku ambapo hakuna mwani unaotengeneza nyingine. Ndiyo maana hata mti wa mchu hutoa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimikwa: unatafuta hewa. Wanafunzi waliowahi kumwona kamongo wa Ziwa Victoria wana mfano mwingine. Ni samaki, lakini lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa anakufa maji. Mnyama wa kilo 280 anayetegemea matamvua kwenye tope la Kunduchi angeishiwa pumzi kabla hajala.

Wapo watakaosema tumpe vyote viwili, mapafu na matamvua. Tunashauri wasifanye hivyo. Mnyama asiyelazimika kupanda juu hana saa ya hatari, na hadithi inakosa mahali pa kumkamatia. Kanuni yetu ni hii: akitulia chini anaweza kukaa saa moja, akiogelea kwa nguvu dakika 15, akipigana dakika 5. Baada ya pambano anahitaji kupumzika kwa saa kadhaa, kwa sababu misuli iliyofanya kazi bila oksijeni hujaza asidi kwenye damu. Hilo halikubuniwa. Mamba mkubwa aliyepambana kwa muda mrefu anaweza kufa kwa asidi hiyo hata kama hana jeraha.

Chumvi sasa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Damu ya wanyama wengi wenye uti wa mgongo ina kama theluthi ya ukali huo. Kila joka anapomeza samaki anameza na maji, na figo za jamii ya mamba, kasa na mijusi haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko damu. Bila njia nyingine ya kuitoa, mnyama anakauka ndani ya maji. Mamba anazo tezi kwenye ulimi. Kasa anazo kwenye macho, na yale yanayoitwa machozi ya kasa anapopanda kutaga ni chumvi inayotoka. Mjusi wa baharini wa visiwa vya Galapagos huipiga chafya. Joka-mkoko tumemwekea nyuma ya macho, hivyo akitoka majini na kukauka anaonyesha michirizi miwili meupe mashavuni. Mpe mhusika wako mvuvi jicho la kuitambua. Michirizi minene ina maana joka ametoka bahari kuu. Ikiwa haipo kabisa, ametoka juu mtoni, kwenye maji baridi.

Masika yakianza na mto ukishusha maji matamu, tezi zinapumzika. Kosa tunaloliona katika michoro mingi ni joka mwenye michirizi meupe katikati ya mafuriko ya Aprili.

Kwa zoezi la darasani, chukua jani la mchu, lilambe upande wa chini. Mti huo nao hutoa chumvi kwa majani.

SWALI: Shikamooni wahariri. Joka wangu anatema moto chini ya maji. Rafiki yangu anasema haiwezekani. Nani kashinda?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Ilala

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kashinda, ila usikate tamaa.

Moto unahitaji oksijeni ya kutosha na joto lisilotoroka. Chini ya maji vyote viwili havipo. Maji hunywa joto kupita kiasi: kuipasha lita moja kwa nyuzi 1 tu kunataka kilojuli 4.2, kwa hiyo mwali unazimwa kabla haujafika mbali na meno. Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza, joka atoe kichwa juu ya maji na kurusha maji ya moto, kama afanyavyo mbawakawa mmoja mdogo anayechanganya kemikali tumboni na kufyatua mchanganyiko wenye joto la karibu nyuzi 100. Joka atahitaji vifuko viwili vilivyotengana na chumba cha tatu chenye kuta ngumu pa kuzichanganyia, la sivyo anajiunguza mwenyewe. Akishafyatua mara chache vifuko vimekwisha, na vitajaa tena baada ya siku kadhaa.

Njia ya pili ni ya chini ya maji. Yupo kamba anayefunga gando lake kwa kasi kubwa mno hata povu linatokea na kusambaratika, na mshindo wake unazimisha windo dogo. Mpe joka wako taya za namna hiyo. Mlio utasafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, na mvuvi atausikia kupitia ubao wa ngalawa kabla hajaona chochote.

SWALI: Na mabawa je?
Msomaji, Sinza

JIBU: Hapana. Maji ni mazito mara 800 kuliko hewa, na bawa la kurukia litamvuta nyuma kila akipiga mkia. Ukipenda umbo la bawa, mpe mapezi mapana mafupi kama ya samaki aitwaye taa, na umwondolee miguu ya mbele. Asiwe na vyote.

SWALI: Naandika tukio hili: usiku wa mwezi mpevu, saa nne, joka anapita kimya kati ya mizizi ya mikoko ya Mbweni na kumfuata kijana anayetega kaa. Nisaidieni kulifanya liaminike.
Mwandishi, Tegeta

JIBU: Tukio ni zuri lakini saa imekosewa, na msomaji yeyote aliyekulia pwani ataliona hilo kwenye sentensi ya kwanza.

Mwezi mpevu ni bamvua, na vilevile mwezi mwandamo. Siku hizo, kwetu Dar es Salaam, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwa hiyo saa nne usiku, mwezi ukiwa mpevu, mikoko yako imesimama kwenye tope. Joka hawezi kupita kimya hapo. Atakuwa anajiburuta, na miguu yenye utando itanyonywa na tope kwa kila hatua.

Unaweza kulirekebisha kwa njia tatu. Ukiupenda mwezi mpevu, lipeleke tukio saa tisa na nusu alfajiri, maji yakiwa yanamalizia kujaa. Kumbuka kwamba saa hizo mwezi uko magharibi, upande wa nchi kavu, hivyo kivuli cha mikoko kinaangukia baharini na joka anayetoka bahari kuu anaingia gizani moja kwa moja. Ukiipenda saa nne usiku, subiri maji mafu, kinyume cha bamvua, karibu wiki moja baada ya mwezi mpevu. Maji yatakuwa yamejaa saa hiyo ila kwa kimo kidogo, na mwezi utakuwa bado haujachomoza. Giza lake ni la kweli, na huenda likakufaa kuliko mbalamwezi.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda sisi. Baki na saa nne, baki na mwezi mpevu, na umwache joka alale kwenye kidimbwi kilichobaki katikati ya kijito. Hawezi kutoka mpaka maji yarudi. Kijana naye anafuata kaa mashimoni na hajui kidimbwi kile kina nani. Maji yanaanza kurudi taratibu, saa ya tatu na ya nne yanakwenda kasi, kisha yanalegea tena karibu na kujaa. Tumia kasi hiyo kupanga aya zako.

Tahadhari mbili. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo tukio linaloendelea kwa siku tatu lisirudie saa ileile. Pia usimfanye joka awinde kila usiku. Damu yake haijipashi joto, na mnyama wa namna hiyo anahitaji sehemu ndogo tu ya chakula cha mamalia wa uzito uleule. Mlo mmoja mkubwa kwa wiki unamtosha, na siku nyingine zote amelala. Kijana akipita mara sita salama, ya saba itakuwa na uzito.

SWALI: Tuandike "joka-mkoko ana" au "joka-mkoko lina"? Na bibi yangu anasema huyu ni chunusi tu, tusimchezee.
Msomaji, Magomeni

JIBU: Joka-mkoko ni kiumbe hai, kwa hiyo katika jarida hili tunampa upatanisho wa viumbe: joka-mkoko huyu ana, majoka-mkoko hawa wana. Hata hivyo "joka hili limekuja" si kosa la kufutwa kila mahali. Ni namna ya kukuza na kutisha, na ina nguvu mdomoni mwa mhusika mwenye hofu. Msimulizi aseme "alijitokeza", mvuvi aliyeshikwa na woga apige kelele "limetokea!" Ukizichanganya ovyo katika usimulizi wenyewe, msomaji atadhani wapo wawili.

Bibi asikilizwe. Chunusi katika imani za pwani ni kitu kinachoishi majini na kuwavuta watu chini, na hakuna anayekipima kwa mita wala kilo. Joka-mkoko ana tumbo, mayai na asidi kwenye misuli. Katika hadithi wazee wanaweza kumwita joka chunusi kwa sababu hawajamwona, na hilo litasikika la kweli. Lakini usimfichue chunusi kuwa "kumbe ni mnyama tu". Utakuwa umeidharau imani ya watu na umempokonya bibi kilicho chake.

SWALI: Klabu yetu ya sanaa inataka kutengeneza sanamu ya joka-mkoko kwa karatasi. Ya kwanza ilipinda shingo na kuota ukungu ndani ya wiki mbili. Tulikosea wapi?
Klabu ya shule, Temeke

JIBU: Ilifungwa ikiwa mbichi ndani. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na karatasi iliyobandikwa matabaka mengi kwa siku moja hukauka juu tu.

Chagueni robo ya ukubwa halisi: urefu sentimita 125, shingo kipenyo sentimita 5, kiwiliwili 10, mkia uanzie 7.5. Mifupa iwe waya mbili za milimita 3 zinazokwenda sambamba kutoka pua hadi ncha ya mkia, na pete ya waya kila baada ya sentimita 10. Zifungeni kwa waya laini ule wa kufungia nondo. Shingo mwiongezee waya ya tatu, maana kichwa hulemea kadiri karatasi inavyolowa, na huenda hapo ndipo ya kwanza ilipopindia. Jazeni magazeti makavu yaliyofinyangwa, mkaze kwa selotepu ya karatasi.

Gundi: koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwenye kikombe 1 cha maji baridi hadi madonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka huku unakoroga mpaka iwe kama uji mwepesi unaong'aa. Ipoe. Wengi hutia chumvi kuzuia ukungu. Kwa hapa kwetu msitie, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani na sanamu haitakauka vizuri. Tieni matone 10 ya mafuta ya karafuu.

Magazeti yachaneni kwa mkono, upana sentimita 3, msiyakate kwa mkasi. Ukingo uliochanika hulala vizuri, uliokatwa huacha mstari. Matabaka 4 yatosha, na kwa siku msizidishe mawili. Kausheni kivulini penye upepo au mbele ya feni. Jua kali hukausha ngozi ya nje haraka na kuufungia unyevu ndani. Kabla ya kuongeza tabaka, wekeni shavu kwenye sanamu: ikiwa ya baridi, bado ni mbichi. Igongeni pia kwa kidole. Iliyokauka hulia kama debe tupu.

Magamba yakateni kwenye karatasi ngumu, sentimita 2.5 kila upande, pembe za nyuma zikiwa za duara. Mtahitaji kama 600, yaani karatasi 8 za A4. Anzieni ncha ya mkia mwende kichwani, kila safu ifunike nusu ya ile ya nyuma yake, kama mwezekaji makuti anavyoanzia chini. Mkianzia kichwani magamba yatatazama mbele, na maji yangeliinua kila moja akiogelea. Tumbo mliache bila magamba.

Rangi: mgongo kahawia yenye ukijani, ubavu uwe hafifu, tumbo la maziwa. Aliye juu akitazama chini anaona tope, aliye chini akitazama juu anaona anga. Mwekundu hafai. Wekundu ndio wa kwanza kupotea majini, na mita chache chini angeonekana wa kijivu. Malizieni kwa vanishi siku kavu. Ikipakwa siku ya mvua inaweza kugeuka na kuwa na ukungu mweupe juu yake.

SWALI: Anataga wapi, na lini?
Mchoraji, Kunduchi

JIBU: Mchangani, juu ya alama ya bamvua kubwa kuliko zote, kwa sababu yai hupumua kupitia ganda na likifunikwa na maji kwa saa kadhaa mtoto anakufa. Tumempa mayai 40 na siku 85 za kuatamia. Hesabu kurudi nyuma kutoka masika: ili watoto watoke kabla ya mvua kubwa za katikati ya Machi, mama atage mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Joto la kiota ndilo linaloamua jinsia, kama kwa mamba na kasa, hivyo kiota chenye kivuli na kisicho na kivuli vitatoa watoto tofauti.

Mama halali mbali, maana kenge hufukua mayai. Watoto wakitoka huwabeba mdomoni hadi majini, na hapo mchoraji awe mwangalifu: taya zisifungwe, meno yaonekane nje ya watoto, koo liwe limeshuka kama mfuko. Juu ya mchoro weka kunguru. Katika ufukwe wa Dar es Salaam hawakosi, na watoto wengi wa joka wataishia kwao na kwa kaa kabla ya kufika kwenye mizizi ya kwanza.